PICHA ZA MSITU ZIRUDI VIJIJINI

Mwezi wa Mei, 2005, wataalamu wa dunia walitangaziwa kwamba katika Tanzania yuko kima asiyepata kuandikwa katika vitabu vyao. Alionekana katika misitu ya Mlima Rungwe na Livingstone, na tena Ndundulu katika milima ya Udzungwa. Wazee wa Rungwe hawakuwa na sababu ya kushangaa. Wanyakyusa walikwisha kumwita kipunji, na masimulizi ya wawindaji wao ndiyo yaliyowafanya watafiti waanze kumtafuta mwaka 2003.

Twataka leo kusema juu ya picha ya mnyama huyo. Kwa desturi, mnyama mpya huuawa na kuhifadhiwa katika jumba la makumbusho, ndipo apewe jina. Safari hii watafiti walikataa kumwua mmoja kati ya wanyama wachache namna hiyo, wakatoa jina kwa ushahidi wa picha. Wako wataalamu waliolalamika. Lakini kabla mwaka huo haujakwisha, kipunji mmoja alikutwa amekufa katika mtego uliotegwa shambani, na kwa mzoga huo ilijulikana mwaka 2006 kwamba hana ndugu wa kabila lake popote duniani. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilikuta kipunji 1,117 tu.

Mkulima anayetega mtego ili kulinda mahindi ya watoto wake si adui wa taifa. Sisi twauliza hivi: picha ile iliyozunguka dunia nzima, je, yeye alipata kuiona? Mtoto wa shule amjua simba hata kama hajafika mbugani, maana yumo katika noti ya shilingi 2,000. Kipunji, ambaye hulia juu ya miti nyuma ya nyumba yao, huenda asimtambue.

Haki isemwe: wako wahifadhi waliokwenda shuleni na vijijini kufundisha, na kazi yao twaisifu. Hata hivyo haifai elimu hii iwe hisani ya mgeni. Kila anayepewa kibali cha kupiga picha katika misitu yetu apaswa kuacha nakala kwa wenyeji, zitundikwe darasani, zahanati na katika ofisi ya tawi la Chama. Nao vijana wanaobeba mizigo ya watafiti wafundishwe kushika kamera. Njia za wanyama wazijua kuliko mgeni yeyote. Wapige picha za kima, na pia za chemchemi, kwa maana maji ya Rungwe ndiyo yateremkayo hadi Ziwa Nyasa, na mkulima ataelewa habari ya maji upesi kuliko habari ya kima.

Mwezi wa Septemba, 1961, Mwalimu Nyerere alitamka pale Arusha kwamba kulinda wanyama wa pori kwahitaji watu waliofunzwa. Twaona kwamba wa kwanza kufunzwa ni yule ambaye shamba lake lapakana na msitu, na asifunzwe kwa vitisho vya faini peke yake. Akilalamika kwamba mazao yake yameliwa, asikilizwe.

Maofisa wa misitu na walimu wa Rungwe waanze kazi hii mapema, kabla mahindi hayajakomaa, kwa kuwa huo ndio wakati mitego inapotegwa.