Kihamba si Kiwanja

Aondokaye mjini Moshi alfajiri kupanda Uru au Kibosho hupishana na daladala na bodaboda zinazoteremka, zimejaa makarani, walimu, wauza duka na mafundi. Watu hao wamelala mlimani, na jioni watarudi huko huko kulala. Kijiji chao kingali kijiji kwa jina.

Hatuoni kosa mtu kulala penye hewa nzuri akafanya kazi mjini. Tunachokitilia shaka ni gharama inayobebwa na shamba. Kihamba cha Mchagga ni mgomba, chini yake mbuni, juu yake mti wa kivuli, ng'ombe zizini akitoa mbolea, na mfongo unaoleta maji kutoka mtoni huko juu. Mfongo si mali ya mtu mmoja. Huchimbwa na kusafishwa kwa ushirika. Ajengaye ukuta juu yake amemnyima maji jirani wa chini, hata hati yake ingekuwa safi namna gani. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huu, pale Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Sifa hiyo haimzuii mtu kumwaga zege.

Watu wa Mkoa wa Kilimanjaro walikuwa 1,640,087 katika sensa ya 2012. Mwaka 2022 walifika 1,861,934. Ardhi ni ile ile. Baba humgawia mwana, mwana naye wanawe, hata kikabaki kipande kisichotosha mgomba na nyumba pamoja. Kumlaumu kijana anayeng'oa mibuni wakati bei ya kahawa imeanguka ni kumwonea.

Sisi wa Visiwani hatuhitaji kusimuliwa haya. Eka tatu tatu walizogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964 zilitolewa zilimwe. Leo, huko Mwera na Kianga, ngapi zimeota nyumba? Tulinyamaza kipande cha kwanza kilipouzwa, na wengine wetu, tukiri, ndio tulionunua.

Huko Bara, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeupa mkutano wa kijiji uwezo wa kuidhinisha mpango wa matumizi ya ardhi. Tunawaomba viongozi wa Moshi wausaidie mkutano huo kuitia mifongo yote katika ramani kabla hakijapimwa kiwanja kingine. Na hapa Unguja, maafisa wa ardhi watuambie ni eka ngapi bado zinalimwa.