Uvimbe wa Ubongo na Vijibarua Visivyofika



Tunaye jamaa yetu mmoja wa Kisarawe, baba wa watoto wanne, ambaye alianza kuanguka kifafa akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya arobaini. Utotoni hakuwahi kuanguka. Ikasemwa kuwa ni jini. Akapelekwa kwa mtabibu wa Kibaha, kisha kwa mwingine, akafukizwa na kuchanjwa. Miezi ikapita, huku kichwa kikimuuma kila alfajiri na jicho moja likififia. Siku imamu wa msikiti wao aliposhauri hospitali, mke wake alimuuliza: “Sheikh, huko hospitali watampima jini?” Imamu akamjibu: “Watampima kichwa, mama. Dua tutaiendeleza njiani.”

Picha ya kichwa ilionesha uvimbe. Ulikuwa wa aina inayokua taratibu, na alhamdulillah ulitolewa. Lakini nuru ya jicho lile haikurudi.

Tangu hapo tumeulizwa mara nyingi: uvimbe wa ubongo huota kwa sababu gani? Jibu kamili bado linatafutwa, lakini sehemu moja yake imefunuliwa katika miaka yetu hii, nayo inastahili kufahamika katika kila nyumba.

Karibu kila seli ya mwili inacho kitabu kikubwa cha maagizo, nacho ni DNA. Kitabu hicho hakitoki ndani ya kiini cha seli. Agizo linapohitajika, hunakiliwa katika kijibarua kiitwacho RNA, kikatolewa nje ya kiini, na huko protini ikatengenezwa kwa mujibu wake. Tuchukue mfano wa shughuli ya harusi. Orodha kuu ya mapishi imefungiwa chumbani kwa mwenye shughuli, na vijibarua ndivyo vinavyopelekwa kwa wapishi. Mlangoni pa jiko ameketi bibi mmoja mwenye busara. Akiona maagizo ya pilau yamezidi, huvizuia vijibarua vingine au huvichana, ili chakula kisiharibike.

Bibi huyo ndiye maikroRNA. Ni kipande kidogo mno, chenye urefu wa takriban herufi 22 tu. Chenyewe hakitengenezi protini. Kazi yake ni kujibandika kwenye vijibarua na kuvinyamazisha. Wamarekani Victor Ambros na Gary Ruvkun walikitambua mwaka 1993 walipokuwa wakichunguza mnyoo wa urefu wa milimita moja. Wengi walidhani ni jambo la mnyoo huyo peke yake, mpaka mwaka 2000 ilipodhihirika kuwa maikroRNA zimo pia katika miili ya wanadamu. Mwaka 2024 wanasayansi hao wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Sasa turejee katika ubongo. Katika glioblastoma, saratani kali kuliko nyingi zinazoanzia ndani ya ubongo wa mtu mzima, mabibi wa mlangoni wameharibikiwa. Mmoja, aitwaye miR-21, huwa mwingi kupita kiasi, kama watafiti walivyoonesha mwaka 2005. Huvizuia vijibarua vinavyoamuru seli mbovu ife au ipunguze kasi ya kukua. Wengine, kama miR-7 na miR-124, hupungua, na maagizo waliyokuwa wakiyadhibiti hupita bila kizuizi. Hivyo seli inayostahili kufa haifi, na inayostahili kutulia haitulii. Watafiti walipoizima miR-21 katika seli za uvimbe zilizokuzwa maabara, seli hizo zilianza kufa.

Habari hii inatia matumaini, lakini tusiipeleke mbali kuliko ilipofika. Maabara si mwili wa mwanadamu. Ubongo umezungukwa na kinga inayozuia dawa nyingi kuingia. Mwaka 2016 jaribio la dawa ya aina hii kwa wagonjwa wa saratani lilisimamishwa kwa sababu ya madhara makubwa katika kinga ya mwili. Basi akikujia mtu akiuza dawa au kipimo cha “kurekebisha vinasaba” vya uvimbe wa ubongo, shika fedha yako.

Tiba iliyopo ni upasuaji, mionzi na dawa za saratani. Kwa glioblastoma, hata tiba hizo zikitimia, nusu ya wagonjwa hawavuki takriban miezi 15. Hata hivyo, si kila uvimbe ni glioblastoma. Upo usio saratani, ambao ukitolewa mapema mgonjwa hurejea kazini na kwa watoto wake. Tofauti baina ya huu na ule haijulikani kwa kutazama uso wa mgonjwa, wala kwa ramli.

Kwa hiyo tunawasihi akina baba na akina mama wa Kibaha, Kisarawe na kwingineko: mtu mzima akianguka kifafa kwa mara ya kwanza, kichwa kikiuma zaidi asubuhi pamoja na kutapika, mkono na mguu wa upande mmoja vikilegea, macho, usemi au tabia vikibadilika, mtoto akianza kuyumba, au kichwa cha mchanga kikikua kupita kawaida, nendeni hospitali. Mara nyingi itakuwa maradhi mengine, lakini hayo nayo yanahitaji tiba. Wa Kibaha wanayo Tumbi, na wa Kisarawe wanayo hospitali ya wilaya. Ikibidi, rufaa itawafikisha Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ambako ubongo hupasuliwa, na Taasisi ya Saratani Ocean Road kwa mionzi. Ombeni barua ya rufaa na muitunze.

Dini yetu haikutukataza kutafuta tiba, bali imetuhimiza. Kisomo na dua havigombani na picha ya kichwa. Kinachomdhuru mgonjwa ni kusubiri. Jamaa yetu yule hivi sasa huwahi safu ya mbele, na jirani yake akimlalamikia kichwa, humuuliza kwanza: “Umeshakwenda kupima?”

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.