Tafakuri za Wanachuo Zisipimwe kwa Alama

Kila muhula ufunguliwapo, wanachuo wa ualimu hupewa kazi ileile: waandike juu ya maisha yao chuoni, matukio ya muhula uliopita, na likizo waliyoitoka. Nao huandika. Aghalabu insha huanza kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa uzima, huendelea kwa kuusifu uongozi wa chuo, hutaja kwamba mahafali yalifana na kwamba timu ya mpira ilicheza vizuri ingawa ilifungwa, kisha humalizia kwamba likizo ilikuwa nzuri na mwandishi aliwasaidia wazazi kazi. Asomaye insha arobaini za namna hii hawezi kumtofautisha aliyetoka Newala na aliyetoka Ngara. Wote wamekula, wote wamefurahi, wala hakuna hata mmoja aliyeshangazwa na jambo lolote.

Wapo wanaodai kwamba tatizo ni lugha. Hatukubaliani nao. Mwanachuo huyohuyo akiketi nje ya bweni jioni, atawasimulia wenzake jinsi basi lilivyoharibika usiku katikati ya mbuga ya Mikumi, abiria wakakatazwa kushuka kwa hofu ya simba, hata mama mmoja akafungua kikapu akagawa maandazi aliyokuwa akiyapeleka msibani. Wenzake watacheka, watauliza maswali, mmoja atasema mama yule alifanya vibaya kugawa chakula cha msiba, na mwingine atambishia. Lugha anayo, na jicho analo. Kinachomfunga ni kujua kwamba maandishi yake yatapewa alama katika kumi, na alama hizo zitaingizwa katika rekodi ya maendeleo yake. Mtu anayepimwa kwa usemi wake husema lile analodhani mpimaji apenda kulisikia. Hilo si kosa la mwanachuo, ni akili.

Maoni yetu ni kwamba tafakuri ya mwanachuo juu ya maisha yake isipewe alama kabisa. Insha nyingine ziendelee kupimwa, kwa kuwa mwalimu asiyejua kupanga aya hawezi kufundisha aya. Lakini tafakuri ni kazi ya namna nyingine. John Dewey, mwanafalsafa wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1910 juu ya namna tunavyofikiri, alieleza kwamba kufikiri kwa kweli huanzia penye mashaka, mfano wa msafiri aliyefika njia panda asijue ashike ipi. Insha isiyo na njia panda ndani yake ni taarifa tu, hata ikiwa na hati nzuri namna gani.

Jambo hili lingekuwa dogo kama lingekomea chuoni. Halikomei huko. Wakati wa mazoezi ya kufundisha tuliketi nyuma ya darasa la tano, ambamo mwalimu-mwanafunzi alitoa insha yenye kichwa "Likizo Yangu". Andalio lake la somo lilikuwa safi na ubao wake ulipangika. Siku ya pili tuliyapitia madaftari yaliyokwisha kusahihishwa. Msichana mmoja alikuwa ameandika mistari sita: mama yake aliumwa likizo nzima, yeye alichota maji, alipika uji, na usiku aliamka kusikiliza kama mama bado anapumua. Chini yake paliandikwa kwa wino mwekundu: "Hati mbaya. Zingatia aya. 4/10." Jirani yake, aliyekwenda mbuga ya wanyama akaona tembo na twiga, alipata 8. Tulipomwuliza huyu wa pili mbuga yenyewe ni ipi, alicheka, akasema aliyasoma kitabuni.

Mwalimu-mwanafunzi yule si mkatili. Tulipomwomba aisome tena ile mistari sita, alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba hakuwa ameyasoma maneno; alikuwa akitafuta makosa. Ndivyo alivyosomwa yeye mwenyewe kwa miaka kumi na mitatu ya shule na chuo. Watoto wa darasa lile nao walikwisha kujifunza kutoka kwa alama zile kwamba tembo wa kitabuni ana thamani kuliko mama mgonjwa, na bila shaka yule msichana naye atatuletea tembo muhula ujao.

Yafaa tumkumbuke hapa Célestin Freinet, mwalimu wa shule ya msingi nchini Ufaransa. Alirudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza akiwa amejeruhiwa mapafu, hata ikawa vigumu kwake kuhutubia darasa kwa muda mrefu. Mwaka 1920 alianza kufundisha katika kijiji cha Bar-sur-Loup, kusini mwa nchi hiyo. Akaanza kuwatoa watoto nje, wakatembea mashambani na kuwatazama mafundi kazini, kisha wakarudi kuandika waliyoyaona. Mwaka 1924 alipata mashine ndogo ya kupigia chapa. Watoto walipanga herufi kwa mikono yao, wakachapa maandishi yao wenyewe, na kurasa zikapelekwa kwa watoto wa shule nyingine ya mbali. Darasa lilichagua kwa kura andiko la kuchapwa, likalirekebisha pamoja. Makosa ya tahajia hayakuachwa. Yaliondolewa kwa sababu kulikuwa na msomaji anayengoja kuelewa. Vyuo vyetu havihitaji mashine ili kuanza. Ubao wa matangazo wa bwalo unatosha.

Na likizo je? Ni kawaida yetu kuihesabu kama muda ambao masomo yamesimama. Huko Marekani vyuo vingi hufunga wiki moja hivi kwenye mwezi wa Machi, mapumziko ya majira ya kuchipua. Baada ya riwaya na filamu moja ya mwaka 1960 kuutangaza mji wa Fort Lauderdale, katika jimbo la Florida, wanafunzi waliumiminikia ufuo wake. Mwaka 1985 walikadiriwa kuzidi 300,000, hata wakuu wa mji wakachoka na ulevi wao, wakaweka sheria kali. (Bagamoyo haina hofu hiyo, wanachuo wetu nauli yenyewe hawana.) Lakini kuanzia miaka ya 1980 wanafunzi wengine wa nchi hiyohiyo, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, waliamua kuitumia wiki hiyo kwa kazi za kujitolea. Jambo lililotuvutia katika utaratibu wao ni kwamba wasafiri hukutana na kuzungumza juu ya waliyoyaona na yaliyowatatiza, na kiongozi wa safari ni mwanafunzi mwenzao. Anayeweza kuwaadhibu kwa alama hayupo kikaoni.

Mwanachuo wetu hahitaji kusafiri kwenda kujitolea. Anakwenda nyumbani, ambako kuna shamba, mgonjwa, deni la duka na wadogo wanaosoma. Tangu Machi 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea na kuikosoa elimu inayomtenga mwanafunzi na jamii yake, vizazi vya walimu vimeyakariri maneno hayo kwa ajili ya mtihani. Likizo ndiyo wakati ambao mwanachuo yumo ndani ya jamii hiyo hasa, naye akirudi hatumwulizi kitu ila "ilikuwaje?", tukiridhika na "nzuri".

Watatupinga wengine kwamba pasipo alama hakuna atakayeandika. Wapo ambao hawataandika, tena si wachache katika wiki za mwanzo. Heri kurasa tupu kuliko kurasa za uongo, kwa kuwa ukurasa mtupu angalau haujamzoesha mtu kudanganya. Wengine watahofia nidhamu: mwanachuo ataandika kwamba maharage yalikuwa na wadudu. Na aandike. Kisha mkufunzi amwulize magunia mangapi hupikwa kwa muhula, huhifadhiwa wapi, na mvua ilivuja ghalani lini. Lalamiko likipelekwa namna hiyo hugeuka hesabu na sayansi. Ugumu wa kweli uko mahali pengine. Daftari la tafakuri laweza kufichua jambo zito, kama mwanachuo kuonewa au kunyanyaswa. Kwa hiyo daftari liwe mali ya mwenyewe, na mkufunzi asome kurasa zile tu alizokabidhiwa. Lakini akikuta humo hatari, asijifiche nyuma ya siri. Achukue hatua, na wanachuo waelezwe hivyo tangu siku ya kwanza.

Twapendekeza jaribio lianze likizo ijayo. Kila mwanachuo achukue daftari dogo, aandike jambo moja tu lililomtatiza nyumbani, hata kama hajapata jibu lake. Jumamosi ya kwanza baada ya kufungua chuo, wakutane watano watano bila mkufunzi, wasomeane. Atakaye ampe mkufunzi ukurasa wake, naye mkufunzi aandike chini yake swali moja, kwa penseli.