Acheni kutafuta "mwenye namba" mmoja!

Wadau, leo niacheni niseme. Sisi waandika programu tuna ugonjwa: tukikuta watu wengi kwenye kitu kimoja, tunachagua mmoja, tunawatupa wengine, halafu tunajisifu eti tumerahisisha.

Chukua chai ya Kericho na Bomet. Mkulima mdogo anapeleka majani kituoni, yanapimwa, kilo zinaingia kwenye namba yake ya kiwandani, iwe Litein, Momul au Kapkoros. Kila upimaji ni mstari mmoja kwenye jedwali la vipimo katika ghala la data. Safi kabisa. Lakini namba ni ya nani? Baba amefariki, shamba sasa ni la mama na wana wawili, na mama huyohuyo ana namba nyingine kiwanda cha jirani. Watu wengi kwa namba moja, namba nyingi kwa mtu mmoja.

Mvivu wa kwanza anaweka safu ya "mmiliki" na kuandika jina la kifungua mimba. Ripoti inatoka maridadi, mama hayumo! Akiomba mkopo wa mbolea, kompyuta inasema hajawahi kupeleka hata kilo moja. Mvivu wa pili anaweka mmiliki1, mmiliki2, mmiliki3 (na wakiwa wanne je?). Wa tatu anaunganisha majedwali bila kufikiri, kilo 40 zinageuka 120, meneja anashangilia mavuno.

Dawa ipo siku nyingi, Ralph Kimball ameieleza vitabuni: jedwali la daraja. Weka namba, mtu, fungu, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mafungu ya namba moja lazima yafike 1 kila siku. Mama 0.5, kila mwana 0.25: kilo 20, 10 na 10. Jumla inabaki 40. Tarehe usiziruke, kwa sababu bonasi hulipwa baadaye. Mwana akiuza sehemu yake Machi, bila tarehe mnunuzi atahesabiwa hata kilo za Januari.

Mtasema ripoti itachelewa. Itachelewa sekunde chache, na mama husubiri bonasi miezi mingi!

Na fungu usilibuni ofisini Nairobi. Ukigawa sawa kwa sawa kwa kukisia, umegawa urithi wa watu bila kikao cha ukoo. Waulize wenyewe. Kama hawajakubaliana, liandike fungu hilo chini ya "bado haijaamuliwa", na ripoti ilionyeshe hivyo hivyo.