Foto ya uongo inasaidia wauaji

Vijana wenzetu wa Beni, Butembo, Oicha na kwengineko,

Tangu mwezi wa 10 mwaka wa 2014, wanainchi wa Beni wanauawa. Kila mara mauaji yanatokea, foto zinaanza kutembea mu telefone zetu mbele hata marehemu hawajazikwa. Zingine ni za kweli. Zingine ni za zamani, ao zilitoka inchi ingine, ao mutu aliziongezea damu na moto juu ziumize watu roho zaidi. Mwenye kuzituma anajitetea: "Mateso yetu ni ya kweli, basi foto haina neno."

Sisi tunasema: iko na neno, tena kubwa. Siku uongo wa foto moja utajulikana, wenye kutuua na wenye kushindwa kutulinda watapata jibu rahisi: "Munaona? Hawa vijana ni waongo." Na jibu hilo litaangukia hata foto ya kweli, ile familia ilikuwa inachunga juu ya siku ya hukumu.

Na siku ya hukumu inaweza kufika. Kwa jirani zetu wa Kivu ya Kusini, mwezi wa 9 mwaka wa 2018, majuji wa kijeshi walihukumu wakubwa wawili wa FDLR kifungo cha maisha, juu ya mauaji ya mwaka wa 2012 katika vijiji vya Kamananga na Lumenje. Kati ya ushuhuda walioonyeshwa kulikuwa foto zilizopigwa na programu ya telefone inayoitwa eyeWitness to Atrocities. Programu hiyo inachunga saa na fasi foto ilipigwa, na inaonyesha kama kuna mutu aliigeuza nyuma. Foto zile zilipigwa miaka kiisha mauaji. Nguvu yao haikutoka ku damu mingi. Ilitoka ku ukweli wenye unaweza kuhakikishwa.

Hatugombani na wenye studio. Bibi-arusi akitaka wamutoe chunusi ku uso, ni furaha yake, haidhuru mutu. Tena kuna kugeuza kwenye tunaomba sisi wenyewe: kuficha sura ya mama aliyeponyoka, juu wauaji wasimutafute. Lakini hapo sema wazi kama sura imefichwa, na uchunge ile foto ya kwanza fasi salama.

Basi tunaomba kila mumoja:

- Usiongeze kitu, usipunguze kitu ku foto ya mauaji.
- Andika siku, saa na fasi. Kama haujue, usitume.
- Usifute foto ya kwanza mu telefone. WhatsApp inapunguza foto na kutosha habari za saa na fasi. Ukimutumia avoka ao muchunguzi, itume kama dokima.
- Usitembeze maiti ya mutoto wa mwenzako juu ya kutafuta "like".

Na kwa wakubwa wa serikali: foto moja ya uongo isiwe kisingizio cha kunyamaza. Makaburi ya Beni hayakutengenezwa mu telefone. Mufanye uchunguzi, mulinde raia.

Na sisi vijana, tusiwape wauaji avoka wa bure.