Jengo la Dharura si Utepe wa Kukata

Kijana unayelisoma gazeti hili kijiweni, jibu swali moja. Siku ukianguka na pikipiki usiku, na ugonjwa wa mlipuko umeshaingia mjini, utapokelewa mlango upi?

Usicheke. Agosti 10, 2019 lori la mafuta liliungua Msamvu, Morogoro. Watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Hiyo ilikuwa asubuhi moja, mji mmoja. Miezi saba baadaye, Machi 16, 2020, Serikali ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona. Baadaye ikasema wagonjwa ni 509, waliokufa 21, kisha ikafunga mdomo kwa zaidi ya mwaka! Fundi hachori ramani ya nyumba bila kuambiwa watakaolala humo ni wangapi. Hospitali itapimiwaje vitanda ikiwa wagonjwa wamefanywa siri ya wakubwa?

Mwaka 2021 zikaja shilingi trilioni 1.3, mkopo wa IMF, na katika matumizi yake yakatajwa majengo ya dharura na wodi za mahututi. Hatubishi, majengo yanatakiwa. Muhimbili ilipofungua idara kamili ya tiba ya dharura mwaka 2010, ilikuwa ya kwanza nchini, karibu miaka 50 baada ya Uhuru.

Lakini jengo la dharura si vigae na rangi. Mwenye homa na kikohozi achujwe nje, kabla hajabanana benchi moja na mama mjamzito, apite mlango wake. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2009 kwamba chumba cha maradhi yanayoenea kwa hewa, kama kinategemea madirisha, kipitishe lita 160 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa. Ukifunga madirisha ukaweka kiyoyozi kinachozungusha hewa ile ile, unagawa ugonjwa. Mabomba ya oksijeni yafike hadi ukumbi wa kusubiri na barazani, ili wagonjwa wakifurika pageuke wodi. Na jenereta je? Mtambo wa oksijeni hauendeshwi kwa hotuba.

Tunaitaka Wizara ya Afya ibandike kwenye lango la kila hospitali ya mkoa: wagonjwa wangapi wanaweza kuwekewa oksijeni kwa wakati mmoja, na madaktari wangapi wako zamu usiku. Mkopo ule unalipwa kwa kodi yako. Mbunge akija kijiweni, muulize namba hizo kabla hajakuagizia soda.