Pangi: Msihesabu Manjanja Peke Yake, Pangeni Hewa Kwanza

PANGI – Katika vijiji vingi vya wilaya ya Pangi, jimboni Maniema, mtu anayejenga huulizwa swali moja: "Umepata manjanja ngapi?" Hakuna anayemuuliza jua litampiga upande gani, upepo utaingilia wapi, wala moshi utatokea wapi. Familia inauza mbuzi, inauza mawese, inaingia deni ili ipate mabati. Halafu siku ya kuhamia, saa sita mchana, watoto wanatoka ndani na kwenda kukaa chini ya mwembe. Nyumba imekwisha, lakini haikaliki.

Watu husema ni joto la Mungu. Sivyo. Joto la Pangi ni la Mungu, lakini tanuru ni la aliyejenga. Bati likipigwa na jua la mchana linaweza kupita digrii 60. Likiwa juu ya vichwa vya watu bila kitu katikati, linawapikia wote walio chini yake. Na feni haiwezi kuwa jibu hapa. Umeme wa maporomoko ya Lutshurukuru haufiki katika vijiji vingi, na mafuta ya jenereta si ya kila mfuko. Nyumba ya kijijini ama ijipoze yenyewe, ama isipoe kabisa.

Kosa hili linawaumiza zaidi wakimbizi wa ndani. Shabunda ni jirani wa Pangi, na Warega wako pande zote mbili za mpaka wa jimbo. Kwa miaka mingi anayekimbia risasi huko amekuja huku kwa wajomba na mashemeji. Wengine wametoka mbali zaidi, upande wa Bukavu, mji ulioingia mikononi mwa M23 mwezi Februari 2025. Bukavu iko kwenye mita karibu 1,500 juu ya bahari. Kindu iko kwenye mita karibu 500. Kila mtu akishuka mita 1,000, joto huongezeka kwa digrii kama 6. Aliyekulia kule juu anajua nyumba nzuri ni ile yenye dirisha dogo, paa la chini na mlango unaofunga vizuri, ili baridi isiingie. Akifika Pangi anajenga vilevile. Hana kosa, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba nyumba inayomtunza mtu mlimani inamchoma mtu bondeni.

Na wanaopaswa kumwambia wanafanya nini? Wanahesabu. Kwa wengi wao kazi imekwisha familia ikipokea bashe yake, mabati yake na misumari yake, ikatia kidole kwenye karatasi. Ukiuliza habari ya hewa, unajibiwa: "Paa kwanza, hewa baadaye." Jibu hilo linafanana na huruma, lakini si kweli. Hewa haipatikani baadaye. Ukuta ukishasimama mfupi, umesimama mfupi. Nyumba ikishageuziwa jua, hakuna atakayeinyanyua na kuigeuza. Mambo yanayopoza nyumba yanaamuliwa kabla ya jembe la kwanza la msingi, na mengi kati yake hayagharimu hata faranga moja.

Isitoshe, kitabu cha mashirika ya kiutu chenyewe kinasema hivyo. Kanuni za Sphere, toleo la mwaka 2018, zinataka kila mtu awe na angalau mita za mraba 3.5 za kukaa chini ya paa. Kwa familia ya watu saba hizo ni mita za mraba 24 na nusu. Kanuni hizohizo zinataka nyumba iwe na kimo cha angalau mita 2 ndani, na katika nchi za joto mita 2.60, pale palipo juu zaidi. Pangi ni nchi ya joto. Basi anayesimamisha kibanda ambacho mtu mrefu anagusa bati kwa kiganja asiseme ni dharura. Aseme hakusoma kitabu chake.

Viongozi wa vijiji nao wana sehemu yao. Tangu wakati wa Wabelgiji, watu walipangwa kando ya barabara ili wahesabiwe na walipe kodi kwa urahisi. Mpaka leo kiwanja kinapimwa kwa barabara, na nyumba lazima iitazame barabara kwa ukuta wake mrefu. Lakini jua halijui barabara. Pangi iko karibu digrii 3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana halitoki mbali na utosi mwaka mzima. Upande wa kaskazini na wa kusini, upenu wa kawaida unatosha kuleta kivuli. Jua linaloingia mpaka kitandani ni la saa mbili asubuhi upande wa mashariki na la saa kumi jioni upande wa magharibi. Basi ukuta mrefu ukitazama mashariki au magharibi, familia inapikwa mara mbili kwa siku. Barabara ikipita kutoka kaskazini kwenda kusini, nyumba iipe barabara ubavu wake mfupi. Mlango unaweza kukaa palepale, na mkuu wa kijiji hapungukiwi kitu.

Mambo mengine ya kupanga ni haya, na hakuna linalohitaji injinia.

Kwanza, upepo. Kabla ya kuchimba, mwenye kiwanja awashe moto mdogo wa majani mabichi asubuhi, mchana na jioni, atazame moshi unakoelekea. Huko ndiko upepo wake unakokwenda. Madirisha yawe kwenye kuta mbili zinazotazamana, kwa sababu hewa haiingii mahali isipoweza kutoka. Chumba chenye dirisha moja ni chupa.

Pili, sehemu ya juu. Hewa ya moto hupanda. Ikikuta matundu juu ya ukuta na kwenye pembetatu za paa, inatoka, na hewa baridi inaingia chini kuchukua nafasi yake. Ikikuta udongo umezibwa mpaka kwenye bati, inashuka tena juu ya waliolala.

Tatu, plafoni. Watu wanadhani plafoni ni tripleksi ya tajiri wa Kindu. Mianzi iliyopasuliwa, fito za raffia au mikeka iliyotandikwa chini ya bati, na nafasi ya viganja viwili katikati, inazuia sehemu kubwa ya moto wa bati. Inapunguza pia makelele ya mvua, na watoto wanalala.

Nne, upenu. Utoke nje ya ukuta kwa karibu mita moja. Unatia kivuli kwenye ukuta, na unaulinda ukuta wa matofali mabichi au wa potopoto usilambwe na mvua. Wazee waliolijenga baraza mbele ya nyumba walijua walichofanya. Neno lenyewe lilikuja na Waswahili wa pwani waliofika Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19, na Wabelgiji wakalichukua, wakasema "barza", wakaizungushia nyumba zao kwa sababu nao walikuwa wanachomwa na jua hili hili. Ajabu ni kwamba anayejenga leo anaanza kwa kuikata barza, ili abakize bati moja.

Tano, miti. Anayesafisha kiwanja mpaka udongo mtupu kwa kuogopa nyoka anaondoa paa lake la kwanza. Nyasi zikatwe, ndiyo. Lakini upande wa mashariki na wa magharibi zipandwe ndizi na mipapai. Hazichukui muda mrefu kuleta kivuli, na zinaleta chakula juu yake.

Wanaopinga wana hoja, na zinastahili kujibiwa.

Wanasema: matundu yanaleta mbu. Ni kweli kwamba mbu wa malaria hupenda kupita pale paa linapokutana na ukuta. Lakini dawa yake ni wavu. Udongo unamzuia mbu, na unazuia hewa pamoja naye. Chandarua kilichochakaa, ambacho hakuna tena anayekilalia, kinatosha kuziba matundu ya juu. Na hakuna tundu lililozibwa linaloondoa haja ya kulala chini ya chandarua kizima.

Wanasema: matundu yanaleta mwizi. Mwizi hapiti penye upana wa kiganja. Matofali yenye matundu, yale ambayo mafundi huyaita klostra, yakipangwa juu ya kimo cha mtu yanapitisha hewa usiku kucha na mlango umefungwa kwa komeo.

Wanasema: usiku wa mvua na miezi ya kiangazi, Juni mpaka Agosti, watoto wanaona baridi. Hapa ndipo hoja inapogeuka kuwa hatari, kwa sababu dawa ambayo watu wameizoea ni kuingiza mbabula ndani na kufunga kila kitu. Makala yanayowaka ndani ya nyumba iliyofungwa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anasikia kichwa kizito, anadhani ni uchovu, analala, haamki. Halafu mtaa unatafuta mchawi. Mbabula isilale ndani, hata kwa mtoto mchanga, hata kwa mgonjwa. Baridi ya Pangi inashindwa kwa kitanda kilichoinuliwa kutoka chini, sakafu iliyo juu kuliko uwanja ili isinyonye maji, blanketi, na kufunga dirisha la upande unakotoka upepo huku matundu ya juu yakibaki wazi.

Na moshi wa jikoni ni ndugu wa sumu hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, hasa moshi wa kupikia, iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Jiko likae katika kibanda chake, na paa lake liachwe wazi juu ili moshi utoke. Mama anayepika akiwa na mtoto mgongoni hapaswi kulipa sahani ya sombe kwa mapafu ya wawili.

Kuna pia jambo ambalo watu hawapendi kulitaja. Familia nyingi zilizokimbia zinaishi ndani ya nyumba za wenyeji, watu kumi au zaidi kwenye vyumba viwili. Mmoja akiwa na kifua kikuu, chumba kisichopitisha hewa kinakigawa kwa wote. Hewa inayopita ni kinga pia, na haipatikani kwenye boksi la dawa.

Basi kila mmoja ana kazi yake. Mashirika ya kiutu yasifunge orodha ya mabati bila kutuma fundi mmoja kwenye kila kiwanja kabla ya msingi, na yatoe mita chache za wavu pamoja na misumari. Wakuu wa sekta na wa vijiji waache kulazimisha kuta ndefu kutazama barabara. Mafundi masoni waseme ukweli kwa mteja, hata kama mteja anataka nyumba kama ya jamaa yake wa Bukavu. Wenyeji wa Pangi wawaonyeshe wageni upepo unatoka wapi, kwa sababu wao ndio wanaoujua.

Na baba au mama anayejenga wiki hii, akiwa na mabati ishirini au na majani matupu, asimame kwanza kwenye kiwanja chake saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni. Kazi hiyo ni ya siku moja, na nyumba atakaa nayo miaka.